Kipimo cha dola 2: tathmini ya pakiti ya rangi wanayotumia polisi wa Marekani kutambua dawa za kulevya

Bidhaa: pakiti ya kemikali ya kupimia unga barabarani
Bei: kama dola 2 kila moja
Alama: nyota 1 kati ya 5

Ni kifuko cha plastiki kinachoenea kwenye mfuko wa shati. Ndani yake mna vichupa vyembamba vya kioo vyenye kemikali, na mdomo wake hufungwa kwa klipu. Askari wa doria hutembea na boksi zima ndani ya gari. Akikuta chembe nyeupe kwenye zulia la gari au unga kwenye mfuko wa nailoni, anazitia humo, anavunja vichupa, anatikisa, anatazama rangi. Dakika chache baadaye mtu ama anaendelea na safari yake ama anatiwa pingu.

Tunaipima kama bidhaa nyingine yoyote: inafanyaje kazi, inakosea wapi, na ikikosea nani anaumia. Swali la tatu ndilo lililotufanya tuandike, kwa sababu kemikali hizi hazijui ngozi ya mtu, lakini orodha ya waliofungwa kwa makosa yake imejaa Wamarekani weusi kupita kiasi. Hilo lina sababu zinazoonekana na kuhesabika.

Tuanze na pakiti ya kokeini, ndiyo iliyowaponza wengi. Imejengwa juu ya jaribio la Scott la mwaka 1973. Fungua klipu, tia chembe chache tu. Ukijaza unga mwingi, rangi zinavurugika. Funga tena, kisha vunja kichupa cha kwanza, chenye kobalti thayosayaneti, kimiminika cha rangi ya waridi. Kokeini ya unga ikiwemo, inatokea bluu. Vunja cha pili, chenye asidi ya haidrokloriki: ile bluu inatakiwa ipotee na waridi irudi. Vunja cha tatu, chenye klorofomu, ambayo ni nzito na huzama chini. Sasa ndani ya kifuko kunatakiwa kuwe na tabaka mbili, waridi juu na bluu chini. Mfuatano huo wote, kwa mpangilio huo, ndio unaohesabika kuwa "ndiyo". Askari anayeona bluu ya mwanzo na kuishia hapo amesoma theluthi moja ya majibu. Anayevunja vichupa kwa kuruka mpangilio hana majibu kabisa.

Tatizo kubwa ni kwamba kobalti thayosayaneti haiipendi kokeini peke yake. Misombo zaidi ya 80 huigeuza bluu, ikiwemo methadoni, baadhi ya dawa za chunusi, na sabuni kadhaa za kusafishia nyumba. Difenhidramini, dawa ya mzio inayouzwa duka lolote la dawa bila cheti cha daktari, nayo imo. Hatua ya pili na ya tatu ziliwekwa ili kuwachuja hao wadanganyifu, na huwachuja baadhi tu, tena pale aliyeshika pakiti anapofanya kila kitu sawasawa.

Mara nyingi hafanyi, na si lazima awe mzembe. Amesimama kando ya barabara kuu saa nne usiku. Taa za gari lake zinamulika nyekundu na bluu, na taa za barabarani zinageuza kila kitu kuwa cha manjano. Katika mwanga huo anatakiwa aamue kama tone dogo ni waridi, zambarau au bluu hafifu. Baridi huchelewesha rangi kutokea. Joto huiharakisha, na pakiti zimeshinda siku nzima kwenye gari lililoegeshwa juani. Rangi yenyewe haitulii, inaendelea kubadilika. Asipopiga picha wakati uleule, kinachobaki kwa mahakama ni neno lake tu: "niliona bluu."

Ya heroini na methamfetamini haiko mbali. Nyingi hutegemea kemikali ya Marquis, formaldehaidi ndani ya asidi kali ya salfuriki, iliyobuniwa mwaka 1896. Heroini huleta zambarau, methamfetamini huleta machungwa inayoelekea kahawia. Sukari ya kawaida nayo huleta kahawia iliyokoza, na aspirini huleta wekundu. Ya bangi, inayoitwa Duquenois-Levine, huishia kwenye zambarau, na tangu mwaka 2018 imepoteza maana hata ikitumika vizuri. Sheria ya kilimo ya mwaka huo iliruhusu bangi ya viwandani (hemp), yaani mmea uleule wenye THC, kemikali inayolevya, isiyozidi asilimia 0.3. Kifuko cha plastiki hakiwezi kupima asilimia. Kinasema "mmea huu ni wa jamii ya bangi", na hilo si kosa tena.

Je, wauzaji na serikali hawakujua? Walijua tangu mwanzo. Mwaka 1974 ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani ilionya kwamba pakiti za namna hii zisitumike kama ushahidi pekee wa kutambua dawa ya kulevya. Mwaka 1978 wizara ya sheria ikasema zisitumike kwa madhumuni ya ushahidi. Mahakama nyingi hazizikubali kesi inaposikilizwa. Mtego ni kwamba kesi nyingi hazifiki kusikilizwa, na hapo tutarudi.

Viwango vya makosa: huko Las Vegas, sampuli za kokeini zilizopimwa barabarani kati ya 2010 na 2013 zilipochunguzwa upya, asilimia 33 hazikuwa kokeini. Maabara ya jimbo la Florida ilikuta kwamba asilimia 21 ya vielelezo ambavyo polisi walivitaja kuwa methamfetamini havikuwa methamfetamini, na nusu ya hivyo havikuwa dawa yoyote iliyokatazwa. Mwaka 2021 jaji mmoja wa Massachusetts alizuia aina moja ya kipimo iliyotumika kwa barua za wafungwa, zikiwemo barua za mawakili wao, baada ya kuonyeshwa kwamba ilikosea kwa asilimia 38. Alisema inazidi kidogo tu kurusha sarafu.

Mizani ya duka ingekosea kilo moja katika kila tatu, wakala wa vipimo angeifungia siku hiyohiyo.

Sasa, nani anaumia. Kitu kinachopotea katika mazungumzo mengi ni kwamba kipimo hakianzi kukosea mpaka mtu apekuliwe. Chukua mfano wa hesabu, namba ni za kufikirika. Mtaa wa kwanza, polisi wanapekua watu 1,000. Ishirini wana dawa kweli. Kati ya waliobaki, 50 wanakutwa na chembe fulani ya kitu halali: makombo, dawa ya kichwa iliyopondeka, sabuni. Pakiti ikikosea mara moja kwa kila tano, watu 10 wasio na kosa wanafungwa. Mtaa wa pili una watu wenye tabia zilezile kabisa, ila polisi wanapekua 100 tu. Anafungwa mmoja. Pakiti ni ileile, dawa zinatumika sawasawa, na tofauti ni mara kumi.

Sasa weka namba za kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua matukio karibu milioni 100 ya polisi kusimamisha magari na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Walikuta kwamba sehemu ya madereva weusi miongoni mwa wanaosimamishwa hupungua giza linapoingia, askari asipoweza kuona uso wa dereva vizuri. Walikuta pia kwamba polisi huridhika na shaka ndogo zaidi kabla ya kumpekua mtu mweusi au Mlatino kuliko mweupe. Kwa upande wa bangi peke yake, chama cha haki za kiraia ACLU kilihesabu mwaka 2020 kwamba mtu mweusi hukamatwa mara 3.64 zaidi ya mweupe, wakati viwango vya kuivuta vinakaribiana.

Ukiweka pakiti inayokosea mikononi mwa doria ya namna hiyo, matokeo yanatabirika. Rejista ya taifa ya walioondolewa hatia ilihesabu katika kaunti ya Harris, ndiyo Houston, watu 133 waliokiri kosa la kumiliki dawa kisha ikathibitika hawakuwa nazo. Asilimia 62 yao walikuwa weusi, katika kaunti ambayo weusi ni asilimia 20 ya wakazi. Kwa nchi nzima, ripoti yao ya 2017 ilisema mtu mweusi asiye na kosa ana uwezekano mara 12 zaidi ya mweupe asiye na kosa kutiwa hatiani kwa dawa za kulevya. Ripoti ya 2022 ikapandisha namba hiyo hadi mara 19. Kituo cha Quattrone cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania nacho kilikadiria Januari 2024 kwamba pakiti za rangi huhusika katika ukamataji kama 773,000 kila mwaka, na kwamba watu kama 30,000 kati ya hao hawana dawa yoyote. Weusi huangukiwa na majibu hayo ya uongo mara tatu zaidi ya weupe.

Kuna weupe pia. Desemba 2015 huko Orlando, chembe za sukari ya donati kwenye sakafu ya gari la mzee wa miaka 64 zilisomeka kama methamfetamini, na jiji likamlipa dola 37,500 baadaye. Pakiti haichagui. Doria ndiyo inayochagua.

Tukio moja la Springfield, Illinois, Aprili 2020, linaonyesha pakiti ikiwa kazini, kwa sababu kamera za askari zilinasa kila kitu. Baba mmoja mweusi alisimamishwa, akawekwa kwenye gari la polisi. Ndani ya gari lake askari walikuta chombo kidogo cha metali kilichofungwa. Wakakifungua, wakachota kidogo kilichomo, wakapima. Pakiti ya kwanza haikuonyesha kokeini. Wakachukua ya pili, na hiyo ikasomeka kuwa ni methamfetamini au ekstasi. Walipomwonyesha alifadhaika na kuwaomba wamrudishie, maana yalikuwa majivu ya binti yake wa miaka miwili aliyefariki. Waliyarudisha, yakiwa yamepungua kwa kile kilichokwisha kumiminwa kwenye vifuko. Hakuna maelekezo ya mtengenezaji yanayosema ukipata "hapana" jaribu pakiti nyingine mpaka mojawapo ikubali. Lakini kila pakiti ya ziada ni nafasi nyingine ya kukosea, na aliyekwisha kumshuku mtu huendelea kufungua boksi.

Mwaka uliotangulia, South Carolina, kinyesi cha ndege kwenye boneti ya gari la kijana mweusi, mchezaji wa timu ya chuo, kilisomeka kokeini. Yeye alikuwa na chuo nyuma yake na maabara ya jimbo ikamsafisha ndani ya siku chache. Wengi hawana wa kuwasimamia.

Turudi kwenye mtego. Texas, kokeini chini ya gramu 1, hata masalia yasiyoonekana vizuri, ni kosa kubwa lenye kifungo cha siku 180 hadi miaka 2. Mtu aliyekamatwa Ijumaa hana pesa ya dhamana. Jumatatu au Jumanne wakili wa kupewa na mahakama anamjia na ofa ya mwendesha mashtaka: kiri, utumikie wiki kadhaa, kataa, usubiri mahabusu miezi mpaka maabara ijibu, na ukishindwa ni miaka 2. Kazi itakuwa imepotea, kodi ya nyumba haijalipwa, watoto wako kwa jirani. Katika kesi za Houston zilizochunguzwa, muda wa kati kutoka kukamatwa mpaka kukiri ulikuwa siku 4. Oklahoma mwaka 2019 mtu asiye na makazi alikiri na kupewa miaka 15 ili tu atoke kwenye jela ya kaunti. Unga wake ulikuwa maziwa aliyopewa kwenye kituo cha chakula cha msaada, na maabara ilipolisema hilo ndipo hukumu ikafutwa.

Baada ya kukiri, katika sehemu nyingi sampuli haiendi maabara tena, kwa hiyo kosa la pakiti halionekani milele. Utafiti wa Pennsylvania ulikuta asilimia 89 ya waendesha mashtaka waliojibu wanaruhusu mtu akiri bila uthibitisho wa maabara. Houston iligundulika kwa sababu maabara yake iliendelea kupima sampuli za zamani hata kesi zikiwa zimekwisha, na majibu ya "hakuna dawa" yakarundikana. Tunaposema Houston ndiyo yenye makosa mengi, tunataja mahali palipotazamwa.

Msomaji wa Tanzania amezoea kusikia kesi ya unga ikisubiri ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kusubiri huko kuna maumivu yake mahabusu, lakini swali la "hiki ni nini" linajibiwa na mkemia. Katika kesi za Marekani tunazozieleza, mkemia alirukwa kwenye mfuatano.

Kuna jambo la gramu pia, kwa sababu pakiti ni mlango tu. Ndani kuna jedwali la adhabu. Kokeini ya unga ukiichanganya na magadi ya kuokea na maji, ukachemsha, inakuwa vijiwe vya kraki. Ni dawa ileile, na jaribio la Scott linatafuta kitu kilekile katika zote mbili, ila vijiwe haviyeyuki vizuri kwenye hatua ya kwanza na bluu hutokea hafifu. Sheria ya shirikisho ya 1986 ilisema gramu 5 za kraki ni miaka 5 jela isiyopungua, na kwa unga zilihitajika gramu 500 kufikia miaka hiyohiyo. Mia kwa moja. Mwaka 2009 karibu asilimia 79 ya waliohukumiwa na mahakama za shirikisho kwa kraki walikuwa weusi, ingawa tafiti za serikali zenyewe zilionyesha wengi wa waliowahi kuitumia ni weupe. Sheria ya 2010 iliongeza kiwango cha kraki mpaka gramu 28, yaani 18 kwa moja, na ya 2018 ikawaruhusu waliofungwa zamani kuomba kupunguziwa. Muswada wa kusawazisha kabisa ulipita Bunge la Wawakilishi Septemba 2021 kwa kura 361 dhidi ya 66, ukakwama kwenye Seneti. Hatujapata kusoma sababu yoyote ya kikemia ya kutetea namba 18.

Mbadala upo. Maabara hutumia mashine inayotenganisha mchanganyiko kwa gesi kisha kupima uzito wa vipande vya kila kilichomo; hiyo hutaja kitu kwa jina. Kuna vifaa vya mkononi vya mwanga wa leza, vya maelfu ya dola, vinavyosoma unga bila kuufungua kwenye plastiki. Ni bora kuliko rangi, japo husumbuliwa na unga wenye rangi nzito na dawa iliyochanganywa kidogo sana. Hatua iliyosaidia zaidi Harris ilikuwa ya bure: mwaka 2015 mwendesha mashtaka aliacha kupokea kukiri kosa kabla ya majibu ya maabara. Julai 2017 polisi wa Houston wakaacha kabisa kutumia pakiti hizi mitaani, kwa hofu ya askari kugusa fentanili, dawa ya kulevya kali mno.

Ile nyota moja tumeitoa kwa sababu pakiti ikikataa kubadilika, askari mwenye busara humwacha mtu aende. Idara inayotaka kununua, isinunue. Ikiwa nazo tayari, kila "ndiyo" ipigwe picha papo hapo na pakiti ya tarehe iliyokwisha itupwe.

Kwa Waswahili walioko huko, na Texas ina Wakongo wengi waliofika kama wakimbizi: dawa za miti shamba, viungo vya kusaga, unga wa uji wa mtoto, beba kwenye chombo chenye lebo, na vidonge kwenye chupa yake ya duka la dawa. Askari akiomba ruhusa ya kupekua gari, unaweza kusema kwa upole na kwa sauti ya kusikika, "Sikubali kupekuliwa". Usimzuie kwa mikono. Akikuambia kipimo kimekubali, usieleze wala usibishane. Sema unataka wakili, nyamaza. Kwa wakili neno la kwanza liwe: "Nataka majibu ya maabara kabla ya ofa yoyote."

Asiye raia aongeze la pili: "Mimi si raia, nieleze kukiri huku kutafanya nini kwenye makaratasi yangu." Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2010 katika kesi ya Padilla, wakili analazimika kukushauri juu ya hatari ya kufukuzwa nchini. Hatia ya dawa za kulevya humwondoa hata mwenye kadi ya kijani, isipokuwa kosa moja la bangi ya matumizi yako isiyozidi gramu 30. Na kuna ofa inayowanasa wengi: kiri, uwekwe chini ya uangalizi, ukimaliza vizuri kesi inafutwa. Kwa mahakama ya jimbo imefutwa. Kwa idara ya uhamiaji kule kukiri bado ni hatia.

Aliyekwisha kukiri zamani kwa kipimo cha barabarani, hata kama ni miaka mingi, amwandikie karani wa mahakama akiwa na namba ya kesi aombe nakala ya ripoti ya maabara, kisha aiulize ofisi ya mwendesha mashtaka kama ina kitengo cha kupitia hukumu. Anwani iwe ya mahali utakapokuwepo, kwa sababu miongoni mwa barua za Houston zilizowaambia watu "haikuwa dawa", zipo zilizorudi bila kumkuta mwenyewe.